Siku Maksai Wangu Waliponikana

Sikusoma zaidi ya darasa la pili, lakini nyumba yangu ya bati pale Milanzi nimeijenga kwa mikono hii, na ubalozi wa nyumba kumi nimeushika miaka sita. Kwa hiyo shamba la ushirika lilipotafuta msimamizi wa maksai, kwa mshahara wa kila mwezi, niliona kazi hiyo ni yangu.

Bwana shamba, kijana wa Mbeya, aliniuliza ninajua nini.

"Ndugu, watu nimewaongoza, sembuse ng'ombe," nikamjibu. "Maksai wangu nikikohoa tu wanageuka."

"Basi walete kesho tuwaone."

Kesho yake nikawafunga nira, nikashika plau mbele ya kamati nzima. Nikakohoa. Nikapiga mluzi. Nikawabembeleza kwa Kifipa, nikawafokea kwa Kiswahili. Wakaendelea kucheua kama watu tusiojuana.

"Labda hawajaambiwa kwamba leo ni usaili," bwana shamba akasema taratibu.

Wakati huo mke wangu, Mama Rozi, alikuwa akija na kapu la chakula changu. Kuniona nimekwama, akaliweka chini, akapita mbele ya maksai na kusema, "Haya, twendeni." Wakamfuata kwa haraka hata plau ikanichomoka mikononi.

Kwetu anayeshika plau ndiye huitwa mlimaji. Anayetangulia mbele ya ng'ombe hatajwi, na miaka yote niliyolima alikuwa yeye.

Bwana shamba akafungua daftari.

"Shikamoo, mama. Jina lako kamili ni nani?"