Namba Yangu Kwenye Kenchi

Mwalimu Honoratha alinipigia simu Jumatano, nikiwa dukani kwangu Tarime mjini naongeza maji kwenye betri ya mteja. Alisema ana nyumba yake mwenyewe kijijini Kewanja, anataka sola ya taa sita, redio na kuchaji simu, na anataka iwe tayari kabla ya Jumamosi ya wiki ifuatayo kwa sababu mama yake anakuja. Sikumuuliza namba yangu kaipata wapi. Fundi mwenye kazi haulizi swali hilo. Watu wanapeana namba sokoni, kanisani, kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Laiti ningeuliza, ningekwenda nimejiandaa.

Nikueleze kwanza huyu mwalimu ni nani, maana habari hii ni yake, mimi nimeingia tu kwa makosa yangu. Ni mtu wa Muleba, anafundisha hesabu shule ya msingi, na serikali ilimleta huku miaka kumi na minne iliyopita akiwa binti mwembamba mwenye begi moja. Miaka yote hiyo alipanga chumba. Cha kwanza, Nyamwaga, kilikuwa ubavuni mwa zizi la ng'ombe. Cha pili, Kerende, mwenye nyumba alikuwa akikatiza uani kila alfajiri kwenda kuangalia migomba yake, bila hodi, mwalimu akiwa amejifunga khanga anapiga mswaki. Ni mpole wa sauti, lakini ana msimamo wa kukera. Mwanafunzi akikosea hesabu katikati, hamruhusu kusahihisha pale alipokosea. Anamwambia afute yote, aanze upya.

Mama yake alibaki Muleba peke yake, macho yamefifia. Mwaka jana aliungua mkono wa kulia kwa kibatari akitafuta dawa yake mezani. Hapo ndipo Honoratha alipomwahidi kwamba atanunua nyumba, ataweka taa kila chumba, na watakaa wote.

Akanunua kweli. Vyumba vitatu, pembeni mwa Kewanja, upande ambao nguzo za umeme hazijafika. Bei ilikuwa nafuu kiasi cha kumfanya mtu amshukuru Mungu na kusahau kuuliza maswali. Likizo nzima akaifanyia kazi: akaongeza baraza mbele, akaweka siling bodi, madirisha akayatia nyavu za mbu. Rangi alipaka mwenyewe, kitambaa kichwani, siku nne mfululizo.

Nilifika Ijumaa asubuhi, likizo yake ikiwa inaishia, paneli mbili nimezifunga nyuma ya pikipiki. Nyumba ilipendeza, sitaki kudanganya, na nilimwambia hivyo. Akanipa chai na ndizi za kuchemsha, kisha akanionyesha chumba cha mama. Kitanda kilikuwa kimeshatandikwa, wiki nzima kabla ya mgeni. Swichi ya taa alitaka ikae pale mkono wa mama utakapofika akiwa amelala. Alikuwa amelala yeye mwenyewe kitandani, akanyoosha mkono, akaweka alama ya chaki ukutani. Nimefunga sola miaka kumi na tisa, sijawahi kumwona mteja aliyepima swichi namna hiyo.

Nikaanza na ukuta wa sebuleni, pa kufungia inveta. Inveta, kile kisanduku cha kugeuza umeme wa betri, ni nzito kidogo, inataka boliti nne zilizoshika vizuri. Nikaweka drili yangu ya betri, nikategemea tofali ligome kama linavyogoma siku zote. Halikugoma. Ncha ilizama yote mpaka kwenye kichwa cha drili, na nilipoichomoa udongo mkavu ukaanza kumwagika. Ukamwagika mpaka ukafanya kilima kidogo juu ya zulia jipya la mwalimu. Nikainama nikachungulia kwenye tundu, nikaona migomba ya nje.

Nilishtuka mpaka nikasahau kuzima drili. Nikatoka, nikaazima jembe lililoegemezwa ukutani, nikafukua chini ya pembe ya nyumba. Hapakuwa na msingi. Tofali la kwanza, la tope lisilochomwa, lilikuwa limelazwa juu ya udongo wa shamba, na chini yake nilikuta gunzi la hindi. Mtu alijenga nyumba juu ya mavuno ya mwaka ule, hata kufagia hakufagia.

"Vipi fundi?" mwalimu akauliza kutoka barazani.

"Nataka kuangalia juu kwanza," nikamwambia.

Nikapanda darini na tochi. Kenchi, zile mbao zinazobeba bati, hazikuwa zimefungwa ukutani. Zilikuwa zimekalishwa tu, nyingine kwa msumari mmoja, nyingine bila huo. Lori la mawe likapita barabarani, na kenchi iliyokuwa mbele ya uso wangu ikasogea. Niliiona kwa macho yangu ikisogea upana wa kidole. Nilipoinua tochi nitafute pa kushika, mwanga ukaangukia maandishi ya penseli: NASSIB SOLA TARIME. Chini yake namba ya simu, na tarehe ya Septemba 2018. Namba ilikuwa yangu, na mwandiko ulikuwa wangu.

Kwa asiyejua mambo ya huku, nieleze. Miaka ile zilivuma habari kwamba mgodi wa dhahabu wa Nyamongo, unaopakana na Kewanja, utapanua eneo lake. Watu wakakimbilia mashambani kujenga, ili wathamini wa fidia wakija wakute nyumba, mgodi ulipe fidia ya nyumba na si ya mahindi. Tunaita kutegesha. Nyumba ya kutegesha haijengwi ikaliwe, inajengwa ihesabiwe. Tope, plasta nyembamba ya saruji kwa nje, bati, wiki moja imekwisha. Na ikasemekana yenye sola itathaminiwa zaidi. Hapo ndipo nilipoingia mimi. Nilinunua paneli zilizokufa kwa watu wa chuma chakavu, nikazipandisha juu ya mabati. Siku moja nilifunga sita. Waya niliuingiza darini nikaukata, ukabaki unaning'inia. Na kwa mazoea tu ya kazi nikaandika namba yangu kwenye kenchi, kama ninavyofanya kila nyumba, ili sola ikisumbua mwenyewe ajue wa kumpigia. Sola ambayo haingewaka hata siku moja. Nakumbuka nilicheka nikiandika.

Mgodi haukuja upande huo. Nyumba zikabaki zimesimama, tupu, mimi nikazisahau. Ile nyumba ya Honoratha ilikuwa imevuliwa paneli, imeongezwa baraza, imepakwa rangi, na pori lililokuwa mbele limefyekwa. Nilikunywa chai ndani yake nisiitambue.

Nilipotelemka nilimkuta Mzee Simioni amesimama penye shimo langu. Ndiye aliyemuuzia mwalimu nyumba, na anakaa ng'ambo ya njia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mura, kijana wangu. Mbona unachimbua nyumba ya mwalimu?"

"Mzee, nyumba hii haina msingi."

"Eeh, haina," akasema, kama mtu aliyeulizwa kama leo ni Ijumaa.

Honoratha akashuka barazani. Akamtazama mzee, akatazama shimo, akainama akaliokota lile gunzi. "Mzee Simioni," akasema taratibu, "umeniuzia nyumba ambayo haina msingi?"

Mzee akashangaa. Naapa, alishangaa kweli, mdomo ukabaki wazi. "Kwani mwalimu, wewe unataka kulala humu?"

"Nilikuambia siku ile. Nilikuambia mama yangu anakuja kukaa."

"Nilijua unasema hivyo kwa ajili ya wathamini. Kila mtu huku alikuwa na mama anayekuja." Akavua kofia. "Mimi nikajua na wewe unategesha. Umesikia mgodi unarudi upande huu, ukanunua mapema. Ulipoweka baraza tukasema mwalimu ana akili, anaongeza thamani. Mke wangu Rhobi alikusifu mpaka kwenye jumuiya."

"Kijiji kizima kinajua nyumba hii ikoje?"

"Nani asiyejua, mwalimu?"

Honoratha akakaa juu ya mfuko wa saruji uliobaki wa baraza, gunzi mkononi. Nilitamani alie, ningejua la kufanya. Hakulia. Alikuwa anaitazama nyumba kuanzia kona moja hadi nyingine, rangi yake, nyavu zake, na niliona jinsi inavyomwishia machoni. Kisha akanigeukia.

"Na wewe fundi? Na wewe ulijua?"

Ningeweza kusema hapana. Maandishi yalikuwa darini, gizani, na mimi ndiye niliyekuwa na tochi. Lakini niliona haya, haya ya kweli, ile inayopandisha joto masikioni. Nikamweleza yote: paneli mbovu, waya uliokatwa, penseli.

Akatikisa kichwa polepole. "Kuhusu penseli nilijua," akasema. "Namba yako nimeitoa huko huko juu. Fundi wa siling bodi ndiye aliyeiona, akaniandikia kwenye karatasi. Ningeweza kumwita fundi wa hapa Nyamongo, wako wengi. Nikasema hapana, nimwite huyu, ndiye anayeijua nyumba. Nikajiambia mtu anayeacha namba yake kwenye mbao hawezi kuwa amefanya kazi ya kudanganya."

Nimetukanwa na wateja, nimefukuzwa na mbwa, mmoja aliwahi kunitupia jiko. Hakuna kilichoniumiza kama maneno yale, na aliyasema kwa sauti ya kufundishia.

Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Mvua za kwanza zingekuja wiki hiyo au inayofuata, na ukuta wa tope uliokwisha kutobolewa ungekunywa maji kama mtu mwenye kiu ya siku nyingi. Mama angelala chini ya zile kenchi. Mwalimu alijua, mzee alijua, nami nilijua kuliko wote.

"Tunafuta yote," Honoratha akasema hatimaye. Akasimama, akajipangusa vumbi. "Siwezi kuweka kiraka hapa. Chumba kimoja, chenye msingi. Siku nane."

Mzee Simioni alikuwa na nyumba nyingine tano za namna ile shambani kwake, zinangojea wathamini mwaka wa sita huo. Jioni ile ile akapanda juu ya mbili, yeye na Rhobi, wakaanza kuzivua mabati na mbao. Rhobi alikuwa akimfokea kwa Kikurya muda wote, na sikuhitaji mkalimani. Mimi nilikuwa na tofali za kuchoma mjini, nimezipanga ubavuni mwa duka kwa ajili ya kuongeza chumba kwangu. Nilizileta kwa gari siku ya pili. Erasto, mwashi wa Nyamwaga ninayemwamini, akaja na pima maji yake na maneno yake machafu kuhusu watu wanaotegesha. Tulichimba msingi mpaka kiunoni, tukaujaza mawe. Mwalimu alifundisha asubuhi, mchana akachota maji na kusomba kokoto. Ile nyumba ya vyumba vitatu tulikuwa tumeiangusha kwanza. Haikuchukua hata saa mbili, na ukuta wa mbele aliusukuma yeye mwenyewe.

Siku ya saba tukapandisha kenchi, kila moja imefungwa kwa nondo iliyotoka ndani ya lenta, ule mkanda wa zege juu ya ukuta. Nikafunga paneli, nikashusha waya, nikaweka swichi pale mwalimu alipopima upya kwa kulala. Nikawa juu ya ngazi nakusanya vifaa niondoke.

"Hujaandika," akasema kutoka chini. Akanirushia penseli.

Mara ya kwanza niliandika jina la biashara tu. Safari hii niliandika Nassib mwana wa Swaleh, namba, na tarehe, nikashuka ngazi.

Jumamosi nilirudi kuangalia betri, na mama akafika saa tisa mchana, mwanamke mfupi mwenye fimbo, amechoka na safari. Akasimama katikati ya chumba kisicho na plasta, akapapasa tofali kwa ule mkono wenye kovu.

"Mwanangu, si uliniambia vyumba vitatu?"

"Vile vilikuwa vya kuhesabiwa, mama," Honoratha akasema. "Hiki ni cha kulala."

Akamlaza kitandani ajaribu. Bibi akanyoosha mkono bila kutazama, akagusa swichi, taa ikawaka mchana kweupe. Akaizima, akaiwasha tena. Mwalimu akatoka nje haraka, na huko ndiko nilikomsikia analia kwa mara ya kwanza.

Nilirudi Tarime nikidhani yamekwisha. Alhamisi iliyofuata simu ikaita dukani, namba nisiyoijua. Alikuwa mwanamume, mchangamfu, anajitambulisha kwamba ni nesi mpya wa zahanati, ametoka Singida.

"Fundi, nimenunua nyumba hapa Kerende, tumehamia juzi na watoto watatu. Juu kuna paneli lakini taa haziwaki. Nimepanda darini nikakuta namba yako kwenye kenchi."

Nje mvua ilikuwa imeanza kudondoka juu ya bati la duka. Nilimuuliza watoto wako wapi. Akasema wako ndani, wanacheza. Nikamwambia awatoe wote, sasa hivi, hata kama wataloa, asimame nao mbali na ukuta. Akaanza kuuliza kwa nini, lakini mimi nilikuwa nimeshawasha pikipiki.