Kitabu Kilichokosa Rafu

"Uongozi wa maktaba unawatangazia wasomaji wote kwamba kibao chenye neno 'Kimya', kilichokuwa upande wa kushoto wa mlango, kuanzia leo kitakuwa upande wa kulia. Wasomaji mnaombwa kuzingatia mabadiliko hayo."

Saa mbili asubuhi, mwanamke ambaye wenzake humwita Bi Rafu anabandika tangazo hilo, kisha anarudi kwenye kazi yake ya kupanga vitabu. Vya kubuni hupata lebo ya kijani na kwenda kulia. Vya mambo ya kweli hupata lebo nyeupe na kwenda kushoto. Katikati ipo meza ya magazeti, ambapo baba yake mzazi huja kila asubuhi kusoma matokeo ya mpira na kuilaumu miwani yake.

Mkononi ana kitabu chembamba kisicho na lebo. Kimeandikwa na mjomba wake, fundi cherehani, na jalada halisemi kama ni riwaya au kumbukumbu.

"Majina nimeyaacha, mambo nimeyachukua," mjomba alimjibu alipoulizwa. "Mtaalamu ni wewe, mpwa wangu. Panga."

Tatizo ni dada wa msimulizi. Katika sura ya pili, kila wageni wanapoketi kunywa chai, dada huyo hufunika bakuli la sukari kwa kiganja huku akiwauliza habari za watoto.

"Mjomba hakuandika popote kwamba dada yake, mama yangu, ni mchoyo," anaeleza Bi Rafu. "Ameweka kiganja juu ya sukari, akanyamaza. Hukumu anaitoa msomaji, tena anadhani ni yake mwenyewe."

Hukumu imekwisha kutoka. Mjomba aliwasomea majirani sura hiyo barazani, na wawili kati yao sasa huja kwa mama yake na sukari yao wenyewe, wameifunga kwenye karatasi.

"Kiweke kwenye uongo," mama aliagiza.

"Kwenye kubuni, mama."

"Huko huko."

Kisha akataka asomewe sura zilizobaki. Katika ya saba, dada yule anauza bangili zake za harusi ili mdogo wake apate cherehani ya kwanza, na kumwambia mumewe kwamba zimeibwa sokoni.

Mama aliacha kuchambua mchele.

"Baba yako yuko wapi?"

"Nje."

"Nje wapi?"

"Getini, na jirani."

"Basi hilo ni kweli," alisema kwa sauti ya chini.

"Na sukari?"

"Sukari nayo ni kweli. Nzi walikuwa wengi."

Tangu siku hiyo agizo limevurugika. Kwa lebo ya kijani, jambo kubwa kuliko yote aliyowahi kufanya mama litakuwa ndoto ya mjomba. Kwa lebo nyeupe, kiganja kitapata makao ya kudumu, na baba atajua zilikokwenda bangili. Mzee huyo hajanunua kitunguu kwa muuza vitunguu mmoja anayemshuku tangu siku ya wizi, na huwaeleza sababu wote wanaouliza na wasiouliza.

"Hakiwezi kupasuliwa katikati?" mama aliuliza.

Bi Rafu aliwasilisha suala hilo kwenye kamati ya maktaba. Mama ameahidi kuzungumza na mumewe mwenyewe, akipata siku ambayo timu yake imeshinda, na tumaini la binti lilikuwa kwamba kamati ingechelewa kama kawaida.

"Natamani watu wamjue mama kwa bangili kabla ya sukari," anasema. "Ila baba ayasikie kwake, asiyasome."

Jana kamati, ambayo iliwahi kuchukua msimu mzima kuchagua rangi ya pazia, iliketi na kumaliza kabla ya chai. Imeamua kwamba kitabu hicho kisipewe lebo yoyote hadi uchunguzi ukamilike, na kwamba kwa sasa kiwekwe mahali pa wazi, juu ya meza ya magazeti.