Nilimvisha Sajini Viatu kwa Mdomo Wangu

Ni mimi. Mwacheni fundi wa akala, iacheni serikali. Yule punda wa Kyuso aliyepigiliwa viatu vya tairi, ambaye mnamsimulia hadi Mwingi mkishika mbavu, nilimvisha mimi. Sikushika nyundo wala msumari. Nilitumia mdomo.

Jina langu siliandiki hapa, na mhariri akiliandika tutakosana. Niko kidato cha pili, ni msichana, na kama umesoma na mimi unanijua tu. Mimi ndiye yule anayeiga kikohozi cha mwalimu mkuu mpaka mwalimu mkuu mwenyewe anageuka kutazama nani anaumwa. Watu walinipendea hilo. Leo nimekasirika, na wa kwanza kukasirikiwa ni mimi.

Wakati huo nilikuwa darasa la nane. Ugonjwa wa midomo na miguu uliingia kwa ng'ombe, karantini ikawekwa, soko la mifugo likafungwa. Karatasi ikabandikwa kwenye ukuta wa poshomili: ng'ombe, mbuzi na kondoo wasitolewe nyumbani wala kupelekwa sokoni mpaka tangazo lingine litoke. Basi. Mistari minne na muhuri.

Siku ya soko nilikuwa pale, nimetumwa kusaga mahindi. Kina mama wengi wa kwetu hawakupelekwa shule, kwa hivyo mtoto anayejua kusoma akionekana karibu na karatasi anaitwa, "Kuja utusomee." Mimi nilipenda sana kuitwa. Nilisoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio, mkono mmoja kiunoni.

Nikasoma yote, sawasawa kama yalivyoandikwa. Watu wakaguna, wakaanza kutawanyika. Ndipo Mama Kalekye, jirani yetu, akauliza kutoka nyuma kwa ile sauti yake ya chini, "Na punda, mwanangu? Punda wamesemwa nini?"

Karatasi haikusema lolote juu ya punda. Ningejibu hivyo tu, yaishe! Lakini nyuma yake walisimama wasichana wawili wa darasa letu, na nilijua wanangoja niseme kitu. Nikageuza uso kwenye karatasi, nikapitisha kidole pale chini penye muhuri, nikasoma kisichokuwepo.

"Punda wataruhusiwa kwenda mtoni iwapo watavaa viatu miguu yote minne. Punda atakayepatikana miguu mitupu atashikwa."

Msiniulize nilikitoa wapi, nitawaambia. Wiki hiyo katika kitabu cha Kiingereza tulikuwa tumesoma habari za farasi, na picha ya mtu amemkunja mguu anampigilia chuma. Darasa zima tulibishana kama farasi anasikia uchungu au hasikii. Wengine walisema mnyama aachwe na miguu Mungu aliyompa. Mimi nilikuwa upande wa viatu, si kwa sababu najua chochote, bali kwa sababu upande huo ulikuwa na utani mwingi zaidi.

Na tazameni uongo ule ulivyokaa vizuri! Ugonjwa wenyewe ni wa miguu. Mguu mtupu unakanyaga chini, chini kuna ugonjwa. Mtu yeyote angeamini. Nusura nijiamini mwenyewe.

Wale wasichana walikimbilia nyuma ya poshomili kucheka. Mama Kalekye hakucheka. Alisema asante, akaniombea baraka kwa masomo yangu, akaenda.

Mchana huohuo mbuzi, haohao waliokatazwa kutembea, waliila ile karatasi pamoja na gundi yake ya unga. Kwa hivyo hakuna mtu angeweza kwenda kuhakikisha. Hilo pia lilinichekesha.

Sasa niwaambie kitu ambacho hao wanaowasimulia hawasemi. Mama Kalekye aliwahi kuteleza kwenye kisima cha mchanga mtoni, mgongo wake ukaharibika. Hawezi kubeba hata nusu jerikani. Mume wake yuko kazini mbali, tunamwona Krismasi. Maji ya nyumba ile, ya watoto wadogo watatu, ya bibi yao na ya mbuzi, yaliletwa na Sajini. Sajini ndiye punda. Jerikani nne kwa safari moja. Kalekye, mtoto wake wa kwanza, alikuwa anatoka naye asubuhi, analeta maji, anamfunga, anakimbia shuleni anafika tukiimba wimbo wa gwaride.

Bila Sajini, maji yote yangepanda mgongoni kwa Kalekye, na shule ingekuwa imekwisha. Kila mtu kijijini alijua. Nilijua mimi. Kalekye nilikuwa nakaa naye dawati moja! Alinishinda hesabu kila muhula, na hakuwahi kunificha jibu.

Ndiyo maana Mama Kalekye aliogopa. Wengine waliosikia walisema wangoje kwanza waone jirani atafanya nini. Yeye hakuwa na nafasi ya kungoja. Sajini akishikwa, yeye amekwisha.

Asubuhi yake tulikutana njiani, mimi na wale wasichana wawili na Kalekye. Siku ya soko hakuwa sokoni, alikuwa mtoni. Akanivuta kando kidogo. Akaniambia mama yake ameshafungua sanduku la akiba, anataka kumpeleka Sajini kwa fundi leo.

"Iliandikwa hivyo kweli?" akaniuliza. "Ya viatu?"

Wale wawili walikuwa wamebana midomo kama watu waliomeza moto. Na utani bado ulikuwa mtamu.

"Eeh," nikasema. "Imeandikwa."

Hapo! Hapo ndipo mngenipiga. Ya sokoni ilinitoka tu, mdomo wangu una mbio kuliko kichwa. Lakini hii nilipewa usiku mzima wa kufikiri, nikaulizwa taratibu na rafiki yangu, macho kwa macho, na nikasema eeh.

Fundi wetu wa akala anakata viatu vya tairi za lori chini ya kibanda karibu na stendi. Walioshuhudia waliniambia alikataa mwanzoni. Alimwambia Mama Kalekye kwamba mnyama huyu alizaliwa na viatu vyake, na kwamba yeye ni fundi wa watu. Mama Kalekye akamwambia ni amri ya serikali. Fundi akakuna kichwa. Akakata vipande vinne, akamlaza Sajini na kamba, akapigilia kwa misumari ileile anayopigilia akala.

Nami namkasirikia fundi, hata kama nimesema mwacheni. Mtu unajua kitu si sawa, unakijua kwa mikono yako, halafu unakifanya kwa sababu umetajiwa serikali! Lakini yeye angalau alisema mara moja. Mimi sikusema hata hiyo moja.

Siku iliyofuata Sajini alipita mbele ya shule tukiwa tumetoka mapumziko. Tap, tap, tap, anainua miguu juu kama mwanajeshi. Shule nzima ililala chini kwa kucheka. Mimi nikapiga saluti nikapaza sauti, "Sajini, pumzika!" Wakacheka tena.

Kalekye ndiye aliyekuwa amemshika kamba, amechelewa shule kwa ule mwendo wa viatu. Alikuwa miguu mitupu, kama kila siku. Aliangalia mbele akapita.

Siku ya tatu Sajini akaanza kuchechemea. Ya tano mguu wa mbele wa kulia ukavimba, akawa hataki kuuweka chini. Mama Kalekye aliogopa kuvitoa vile viatu, kwa sababu ya amri. Akauosha kwa maji ya chumvi juu kwa juu. Jumapili kanisani akasimama akaomba tumwombee Sajini wake, mguu umekuwa mbaya. Pasta ni mgeni hapa kwetu, hakujua. Akafunga macho akaomba kwa nguvu kwa ajili ya ndugu yetu Sajini, Bwana amwinue arudi kwenye kazi yake na familia yake.

Nilikuwa kwenye kwaya. Nilicheka mpaka nikajifanya nakohoa. Kwaya yote ikaambukizwa. Na Mama Kalekye pale mbele, machozi yanamtoka, anasema amina.

Nikikumbuka hiyo amina nataka kung'oa ulimi wangu niutupe.

Bwana mifugo, yule afisa wa kuchunguza karantini, alipita kijijini baada ya siku chache. Akamwona Sajini amelala kando ya boma. Tukakusanyika, watu hukusanyika tu. Akachomoa ile tairi kwa koleo. Harufu iliyotoka sitaiandika. Msumari ulikuwa umepita kwenye ile sehemu ngumu ukaingia kwenye nyama hai, na ndani kote kulikuwa na usaha.

"Mama, nani alikwambia umvishe hivi?"

"Karatasi yenu," akasema Mama Kalekye.

Bwana mifugo akamwambia punda hashikwi na ugonjwa huu hata akilala kitanda kimoja na ng'ombe. Akatueleza, kwa hasira, kwamba farasi wa wazungu anavaa chuma kwa sababu anakimbizwa juu ya lami na mtu mgongoni, kwato inakwisha kabla haijakua, na hata huyo anavishwa na mtu aliyesomea, anayejua msumari uishie wapi. Punda wa hapa anatembea mawe na mchanga, kwato yake inajinoa yenyewe. Akainua mguu mwingine wa Sajini akatuonyesha chini. Akasema hiyo ndiyo kwato ya kufundishia wanafunzi, na sisi tumeitoboa kama debe.

Kisha akasema hakuna karatasi ya serikali iliyoandika mambo kama hayo. Ni nani aliisoma?

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Mama Kalekye alinitazama. Si sana. Kidogo tu.

"Labda nilisikia vibaya," akasema. "Mimi sijui kusoma."

Na mimi nikanyamaza! Mdomo huu ambao haujawahi kufungwa na mwalimu yeyote, siku hiyo ulijifunga wenyewe.

Kwato hukua polepole kama ukucha. Bwana mifugo alisema ile iliyooza itakatwa, na nyingine ichukue karibu mwaka mzima kushuka mpaka chini. Mwaka huo mzima Sajini asibebe kitu.

Mwaka huo ulikuwa wa mtihani wetu. Kalekye akaanza kukosa Jumatatu na Alhamisi. Kisha akawa anakuja siku moja kwa wiki, shingo imekakamaa kwa ule mkanda wa kubebea jerikani unaovutwa kipajini, anasinzia hata nikimpa daftari langu anakili. Muhula wa tatu dawati lilikuwa langu peke yangu. Mtihani alikuja akaufanya, na nilimwona kwenye karatasi ya hesabu, hesabu yake mwenyewe, akitazama swali kama mtu anayetazama nyumba aliyowahi kuishi.

Mimi nikapita. Nikaitwa shule ya bweni.

Na mnajua nilifanya nini huko? Niliwasimulia! Mgeni shuleni anatafuta marafiki, nami nilikuwa na hadithi ya punda. Wakati wa chakula cha mchana meza yote ilikuwa inapiga sahani. Nikafika kwa pasta, wakalia kwa kucheka. Halafu msichana mmoja wa Kalamba, mpole, ambaye hata hakuwa ananisikiliza sana, akauliza, "Na huyo mwenye kushika kamba? Alipita?"

Nikaishia hapo. Nikachukua sahani yangu nikaenda kuiosha.

Likizo ilipofika nikaenda mtoni. Nilimkuta Kalekye ndani ya kisima, anachota kwa kibuyu kidogo kidogo, mchanga hautoi maji kwa haraka. Nikamwambia yote, nimesimama juu ukingoni. Kwamba hakukuwa na punda kwenye karatasi. Kwamba nilitunga. Nilikuwa nimejitayarisha anitukane, anirushie mchanga, chochote.

Alimaliza kujaza jerikani. Akaipandisha.

"Mimi nilikuuliza," akasema.

Nikamnyooshea mkono atoke. Akatoka mwenyewe.

Sasa kwato imekua. Sajini anatembea tena, miguu mitupu, jerikani nne. Watu wananiambia basi, si yameisha, punda amepona! Wananinunulia soda nisimulie tena na ile saluti. Mjomba wangu hucheka mpaka anafuta macho kwa kofia. Nawachukia siku hizo, na najua mimi ndiye niliyewafundisha kucheka. Maana Kalekye hakurudi shule. Ameenda Mwingi, anafanya kazi katika nyumba ya watu, analea mtoto asiye wake. Angekuwa anasoma na mimi. Angekuwa ananishinda hesabu.

Anamwandikia mama yake barua. Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani, nikamwona Mama Kalekye anakuja kwa njia yetu ameshika bahasha. Nyumba ile barua zote nilikuwa nazisoma mimi wakati Kalekye hayuko. Nikasimama langoni, nikajipangusa mikono.

Akanisalimia vizuri. Akauliza shule inaendeleaje. Kisha akapita, na mgongo wake ule, akapanda kilima chote mpaka kwa mke wa pasta, akasomewe huko.

Wewe unayejua kusoma, na unayeitwa na watu wasiojua: soma kilichoandikwa, kisha nyamaza. Na mtu akikurudia kesho yake akuulize kama ni kweli, usitazame nani amesimama nyuma yako anangoja kucheka. Mjibu.