Darubini ya Miguu Mitatu

Juzi nilipita kando ya bwawa nikawakuta tena watu wa kutazama ndege, kofia zao pana kama sinia, wananong'onezana utadhani wako kanisani. Darubini yao ilisimama kwa miguu mitatu. Nikatema mate.

Utotoni, sisi wa mabanda ya Soweto East, kando ya bwawa hilo, tuliijua mashine ya miguu mitatu kuwa ya wapima ardhi, na nyuma yake huja tingatinga. Kwa hiyo alasiri moja, nilipoiona pale bwawani kwenye harufu ya matope na magugu yaliyooza, nilikimbia nyumbani nikipiga kelele, “Mathe, wanapima! Wanakuja kubomoa!”

Mama alikimbilia ndani. Alitupa godoro nje, akatoa sufuria, akaanza kung'oa mabati. Majirani nao wakaanza, misumari ikalia nyumba hadi nyumba, na vitu vyetu vikajaa mpaka kwenye matete.

Mtu mmoja wa kofia akatujia. Mama alijipangusa mikono, akingoja kusikia tumepewa siku ngapi za kuhama.

“Samahani, mama,” yule mtu alisema kwa upole, “hebu sogeza hilo godoro kidogo. Linamtisha korongo tunayemtazama, na ametoka mbali sana.”

Mama, ambaye naye alitoka mbali, kijijini kwao kule ziwani, alilisogeza.

Mimi niliokota jiwe nikamlenga korongo. Nilikuwa mtoto. Leo ningelenga kofia.