Siku Nilipomtembeza Bibi Maskati

Bibi yangu alimkataa mchumba wangu kwa simu, kabla hajamtia machoni. Mama wa kijana alipiga kutoka Matrah, akasalimia, akauliza hali za watu wote wa nyumba yetu ya Ansab, pembezoni mwa Maskati, mkubwa na mdogo, kisha akasema shida yake. Bibi akamjibu kwa Kiarabu kilichopigwa pasi kwamba binti bado anasoma. Binti mwenyewe nilikuwa nimekaa ubavuni pake, daktari wa meno, shahada yangu imeshaanza kupauka ukutani.

Bibi ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki, na Bibi akisema la, Baba huinuka akaenda kuswali.

Tatizo halikuwa ukoo wala mali. Kwetu sisi watu wa Unguja bibi hutaniana na mume wa mjukuu wake. Humwita mume wangu, humlalamikia kuwa kamtupa, humuuliza kanga za sikukuu ziko wapi. Mjukuu naye huitwa mke mwenza, na huambiwa wazi kuwa pilau lake ndilo linalomkimbiza mume kwenda kula kwa mke mkubwa. Hiyo ni haki ya bibi, na Bibi yangu aliingojea haki hiyo miaka. Binamu yangu alipoolewa, mumewe alikuwa mtu mwema wa bara ya Omani asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji. Kila Ijumaa alikaa sebuleni akitabasamu na kula tende, na Bibi alikaa mbele yake na utani wake wote umemkwama kooni. Alipoondoka, Bibi aliapa.

"Wa pili bubu simtaki. Kwani mie nimtanie mume kwa mkalimani?"

Asilolijua Bibi ni kwamba wa Matrah hakuwa bubu. Mwaka mzima nilikuwa nikimfunza kwa sauti za kwenye simu. Mimi nasema sentensi, yeye anairudia akiwa ndani ya gari, na honi za Matrah nyuma yake. Siku aliyosema "nnakupenda" pasipo kujikwaa nilikuwa kliniki, nikacheka peke yangu hata mgonjwa akafumba mdomo. Kazi yake ni kuwatembeza wageni kwa miguu, kuwaeleza Matrah na Maskati ya kale. Na hapo ndipo nilipopata akili yangu, ambayo mpaka leo najisifia.

Bibi ameishi mji huu tangu ujana wake, lakini Maskati anaijua kupitia dirisha la gari. Nikamwambia yeye na mdogo wake kwamba nimewalipia matembezi pamoja na mwongozaji, zawadi yangu kwao. Mpango ulikuwa hivi: kijana aseme Kiarabu tu, awe na adabu, awapendeze, tukimaliza, ndipo nimtambulishe naye atoe Kiswahili chake. Nilimkanya asicheke hata wakisema nini, kwa sababu nawajua wangu.

Watu wa kwetu wana ugonjwa huo. Wakishamuona mtu hana asili ya Unguja, huamini kwamba Kiswahili ni chumba kilichofungwa, na humo ndani husema lolote.

Tulianza sokoni Matrah asubuhi, baridi ya Januari ikiwa nzuri. Kijana alikuja na kanzu nyeupe pe na kilemba kilichokaa sawa, akawapa wazee mkono wa heshima, akaanza kueleza maduka ya ubani. Hatujafika hata kona ya kwanza, mdogo wake Bibi akafungua mdomo.

"Dada, umeyaona masikio hayo?"

"Nimeyaona," alisema Bibi. "Yatamfaa kusikia. Lakini anatembea vizuri, hajikokoti. Si kama yule wa tende."

Mwongozaji akaendelea kusimulia habari za ubani, masikio yote mawili yakiwa mekundu. Nikajitia kukohoa ndani ya mtandio. Mbele ya vikofia vya watoto walijadili kama ana mke. Mbele ya duka la fedha waliamua hana, maana kanzu yake imepigwa pasi na mwanamme. Nilikuwa na furaha ya kijinga, ile ya shuleni, mtu unacheka mpaka unaona khofu.

Kutoka Matrah kwenda Maskati tulipanda gari lake. Akamfungulia Bibi mlango wa mbele, Bibi akapita kama hakuuona. Yeye hakai mbele na mwanamme asiyekuwa wake. Tukabanana nyuma wanawake watatu, goti langu likiwa mbavuni kwa mdogo wake Bibi, na kiti cha mbele kikaenda kitupu njia nzima ya pwani.

Langoni Maskati akatusimamisha kivulini. Akaeleza kwamba mji huu ulikuwa miji miwili, wa ndani ya ukuta na wa nje yake, na usiku lango likifungwa, wa nje akabaki nje. Kulikuwa na mlango mdogo wa kupita mtu kwa miguu, na anayetembea gizani lazima achukue taa, ajulikane uso wake.

"Sawasawa na kwetu Unguja," Bibi akamwambia mdogo wake, "Mjini na Ng'ambo, ila sie tulitenganishwa na maji." Akamtazama kijana aliyekuwa ameegemea ukuta. "Lakini sauti anayo huyu, wallahi. Ujana wangu angekuja kubisha, ningemfungulia hata bila ya taa."

Hapo mpango wangu ukafa. Nilimuona anauma mdomo, anatazama mnara wa lango, anatazama viatu vyake. Kisha akaweka mkono kifuani, akasema kwa Kiswahili changu mimi, lafudhi ile ile niliyomlisha:

"Bibi, taa nnayo. Mlango ndio nnaouomba."

Mdogo wake Bibi alikaa chini palepale kwenye jiwe, akapiga ukelele wa kicheko hata mlinzi akatoka kutazama. Mimi nikashika ukuta. Bibi hakucheka. Alimtazama kijana kutoka kilembani mpaka kwenye makubadhi.

"Umetusikia toka wapi?"

"Toka kwenye ubani, Bibi. Masikio makubwa."

"Nani kakufunza?"

Alinitazama tu, mshenzi yule, na kila kitu kikawa wazi usoni pake. Bibi akageuka pole pole.

"Huyu ndiye wa Matrah?"

"Ndiye, Bibi."

Akashika fimbo yake akaelekea garini. Kicheko chote kikanitoka. Nilikuwa nampenda yule mwanamme, na nilikuwa nampenda Bibi kabla sijajua kupenda ni nini, na kama angesema la kwa mara ya pili, nisingeweza kumvuka. Nilimfuata nyuma. Kijana naye alikuja kwa mbali, rangi imemtoka, akinong'ona kwa Kiarabu kwamba ameharibu.

Nikawahi kumfungulia Bibi mlango wa nyuma. Akausukuma kwa fimbo ukajifunga. Akazunguka, akafungua wa mbele mwenyewe, akaingia, akakusanya buibui lake vizuri mapajani.

"Mke mwenzangu," akaniambia bila ya kugeuka, "kaa huko nyuma na mdogo wangu. Mbele nnakaa mie."

Nikaingia nyuma. Machozi yalikuwa yananitoka na bado nacheka, na mdogo wake Bibi ananifinya paja. Kijana akakaa kwenye usukani, hajui pa kwenda.

"Haya, mume wangu," Bibi akamwambia. "Nipeleke kwa mama yako, nikamwambie binti kesha kusoma."