Maji Yaliyogeuka Chai

Nakumbuka asubuhi ile ya vita, mwanangu, mtoto wangu wa kwanza hajatimiza hata mwezi, na nyumba nzima inanukia sinda. Sinda ndiyo mchaichai wetu, yale majani marefu yenye harufu ya limau. Jana uliponikuta na kikombe changu ukaniuliza kama chai nayo inahesabiwa katika maji ya siku, au lazima ninywe maji matupu juu yake, nilicheka moyoni. Swali hilo nalifahamu. Liliwahi kusimama mlangoni kwetu Kisangani limebeba dumu, na lilikuwa na sura ya mume wangu.

Mume wangu, Kambale, alikuwa mfanyabiashara kutoka Kivu Kaskazini, mtu wa kupima kila kitu. Mimi ni mtoto wa wavuvi wa pale kwenye maporomoko; sisi tunakunywa tukisikia kiu, basi. Nyumbani kwao yeye, kila kikombe cha chai kilifuatwa na glasi ya maji matupu, kwa sababu chai, walisema, inakausha mwili. Nilipojifungua akanitengea chupa yangu ya maji, na kila jioni anaishika, anaiinua kwenye mwanga aone kama nimeimaliza. Nilimtania sana kwa chupa ile, na nilimpenda zaidi kwa sababu yake. Mapenzi ni kikohozi, mwanangu, hayafichiki.

Kisha vita vikaingia mjini. Mabomba ya maji yakakauka, na njia ya kwenda mtoni ikawa ndiyo njia ya risasi. Tukajifungia ndani sisi wanne: mimi, Kambale, mtoto Neema, na mama mkwe wangu, Mama Kavira, aliyekuwa amekuja kunitunza uzazi. Mungu akatuletea mvua. Mama Kavira akayakinga maji ya bati kwa kila chombo alichokiona, lakini hakuyaamini. Maji ya bati yana ladha ya kutu, na tumbo la mzazi halitaki mzaha. Basi akayachemsha yote na sinda, akajaza termos, akajaza na ile sufuria kubwa ya sherehe.

Asubuhi Kambale akaamka, akatazama pipa, tupu. Akatazama chupa yangu, tupu. Akachukua dumu na kuelekea mlangoni.

“Uko naenda wapi?” mama yake akamuuliza.

“Mu mutoni, mama. Maji iliisha.”

“Na hii sufuria?”

“Ile haiko maji, iko chai. Inakausha. Maji ya bure, ile haina majani, njo inaleta maziwa. Donc niende mbio, nirudie.”

Nilimshika shati. Niliogopa, mwanangu, maana tulikuwa tunasikia milio upande ule ule wa mtoni. Yeye akavifungua vidole vyangu taratibu, akaniambia, “Usilie, mama Neema. Weye ukikauka, mutoto atakula nini?” Hakuwa mtu wa ubishi. Alikuwa baba aliyeona nyumba yake haina maji, na kwa hilo alikuwa tayari kufa.

Mama Kavira hakupiga kelele wala hakuziba mlango. Alimchukua Neema kifuani kwangu, akamweka mikononi mwa baba yake. Mtu mwenye mtoto mikononi hawezi kubeba dumu, kwa hiyo dumu likashuka chini.

“Bon,” akasema. “Mu ile sufuria iliingia maji, ama haikuingia?”

“Iliingia.”

“Nani aliitoa mule?”

Kambale akajaribu tena. “Lakini chai inakojolesha, mama.”

“Kidogo, kama iko ya majani nyeusi na iko kali. Weye ukikunywa kikombe moja, unakojoaka bikombe mbili?”

Kabla hajajibu, Neema akajibu kwa niaba yake. Alimlowanisha baba yake kuanzia kifuani mpaka kwenye mkanda, tena bila haraka.

Mama mkwe akangoja mjukuu amalize. “Tangu jana bibi yako, mama Neema, iko nakunywa nini?”

“Sinda. Na bouillie,” akajibu; ndio ule uji wangu.

“Na hii maji yenye mutoto anakukojolea, ilitoka wapi?”

Kambale akainua macho kwenye kamba tuliyoifunga sebuleni. Vitambaa vya Neema vilikuwa vimeenea kamba nzima, vyote vibichi, mpaka hatukuwa na pa kuanika kingine. Mtoto asiyepata maziwa hachafui hivyo. Akaketi chini pale pale na shati lake lililolowa, akaanza kucheka, na mimi nikaanza kulia.

Haukupita muda. Bomu likaanguka upande wa njia ya mtoni, vikombe vikaruka mezani. Jirani yetu mmoja, mama mwenye moyo mzuri, alikuwa ametoka alfajiri na beseni lake kwenda mtoni. Tulimsubiri apite kurudi. Hakupita. Siku nzima Kambale hakuligusa dumu. Alimimina sinda kikombeni, akanipa, akamimina tena. Penye wazee haliharibiki neno.

Tulikunywa hivyo mpaka bunduki zilipotulia. Baadaye tonton yangu mmoja, yaani mjomba, mpenzi wa lotoko, ile pombe yetu kali, aliposikia habari hii akafurahi, akasema basi hata lotoko ilianza ikiwa maji. Mama Kavira akamwambia, “Ile, tonton, iko inakunywa weye.”

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Chai inahesabiwa. Uji unahesabiwa, mchuzi unahesabiwa, nanasi na muwa vilevile. Haba na haba hujaza kibaba. Maji safi yakiwepo yape heshima yake, maana hayana sukari ya kukuharibia mwili. Chai kali usiifanye chakula. Pombe usiidanganye jina. Ukitaka kujua kama umekunywa vya kutosha, uliza kiu yako, kisha utazame mkojo wako: ukiwa mweupe-mweupe, tulia; ukiwa na rangi ya asali, kunywa. Na ukiwa unanyonyesha, usiwe na hofu. Tazama vitambaa vya mtoto.

Lakini kubwa zaidi ni hili. Anayekupenda anaweza kufa kwa kukutafutia kitu ambacho tayari kiko nyumbani. Kabla hujamwacha afungue mlango, funua naye sufuria kwanza.

Kambale wangu alizeeka nami. Nilimwona akiota mvi, akawabeba wajukuu, akafa kitandani mwake mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Nawe Mungu akujalie hivyo hivyo, mwanangu: nyumba isiyokosa cha kunywa, na mtu wa kunywa naye mpaka meno yawaishe nyote wawili.