Fundi Aliyekwepa Springi

Kila asubuhi, kabla hajanywa chochote wala kushika spana, Jilala huketi juu ya tairi bovu mlangoni mwa gereji, huweka mnyororo mapajani na kuupitisha chini ya kidole gumba, pete moja baada ya nyingine. Pete ni arobaini na moja. Akifika mwisho huanza upya kutoka upande wa pili, akitafuta ufa. Mafundi wenzake pale Nyamisangura, mjini Tarime, wameshamzoea.

"Msukuma anasali rozari," husema mmoja.

"Rozari ya chuma hiyo. Akimaliza atatugawia komunio."

Jilala hucheka nao kidogo, kisha huutundika mnyororo kwenye msumari. Ajabu ni kwamba, tangu aununue, alikuwa hajautumia hata siku moja. Ni mnyororo wa kufungia springi za mbele za gari, na kazi ya springi za mbele alikuwa ameikwepa kwa miezi kumi na moja. Likiletwa gari la kubadilishwa shokapu, mgongo wake uliuma ghafla, au alikumbuka kuna mtu anamsubiri stendi.

Alifika Tarime miaka kumi na minne iliyopita akitokea Maswa, akifuata dhahabu kama wengi waliomtangulia. Dhahabu hakuipata. Alipata kikohozi. Aliyemtoa mashimoni ni Heche, Mkurya wa rika lake, fundi katika gereji ya Mzee Kisyeri. Heche alimpa pa kulala, akamfundisha kuitambua spana kwa kupapasa tu, macho yakiwa yamefumbwa. Mokami, mke wa Heche, alimwita shemeji tangu wiki ya kwanza.

Heche aliuawa na springi. Shokapu ya mbele ni bomba la oili lililopita katikati ya springi nene. Ili kuitoa, kwanza springi ibanwe na uzito wa gari, ifungwe ikiwa imebanwa hivyo hivyo, ndipo nati ya katikati ifunguliwe. Wenye vifaa wana kibanio chake. Gereji ya Mzee Kisyeri ilikuwa na waya wa kufungia nondo. Siku ile waya ulikatika nati ikifunguliwa, na springi ikaruka na kumpiga Heche chini ya kidevu. Hakufika hospitali.

Msibani Jilala alieleza kwamba yeye alikuwa dukani akitafuta boliti, na mwenye gari alikuwa hotelini anakula. Heche alikuwa peke yake, alisema, na alikuwa na haraka. Ndivyo ilivyopokelewa. Marwa, kaka mkubwa wa marehemu, alimgeukia Mokami mbele ya watu. "Wewe ndiye uliyempigia simu asubuhi ile."

Ilikuwa kweli. Mtoto alikuwa na homa, naye alimwomba mumewe awahi kurudi. Tangu siku hiyo huwahudumia wakwe zake akiwa ameinamisha kichwa, na simu yake huiacha ndani ya sufuria tupu, mbali na mkono. Marwa huyo huyo alimpa Jilala koleo, akamwambia, "Wewe ni ndugu yetu, shuka uchimbe." Jilala alishuka akachimba kaburi. Alikuwa amejiandaa kwa mapanga ya ukoo mzima, mgeni asiye na shangazi wala mjomba wilaya nzima, lakini alipewa koleo, na baada ya maziko akapewa kiti na nyama.

Alhamisi moja Mzee Kisyeri na mafundi wake wote walikwenda kuzika Busawe, wakamwacha Jilala kulinda gereji. Mokami alikuwepo pia, kwa kuwa huuza uji chini ya kibanda cha bati pembeni. Saa nne akaja Nathan, dereva wa abiria wa Kewanja, na Carina yake ya zamani. Ilikuwa inadunda mbele kama mbuzi aliyefungwa. Matairi yalikuwa yameliwa upande mmoja, na oili ya shokapu ilikuwa imechuruzika mpaka kwenye rimu. Shokapu mpya mbili zilikuwa kwenye boksi, kiti cha nyuma.

"Saa tisa nampeleka mama Musoma," alisema Nathan. "Daktari kasema asirushwerushwe."

"Leo mgongo unaniuma, kaka."

"Wa mama umepasuliwa. Tusishindane."

Nathan akampigia Mzee Kisyeri, akamsogezea Jilala simu sikioni. Nyuma ya sauti ya mzee zilisikika nyimbo za maziko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Huo mgongo wako una akili sana, kijana. Unajua gari bovu mbele na gari bovu nyuma. Fanya hiyo kazi. Ukishindwa, mwachie mama uji funguo, na kesho usije."

Nathan akaenda hospitali kushughulikia barua ya rufaa. Jilala akalegeza nati za tairi la kushoto, akapandisha gari kwa jeki, akaweka kigogo chini ya bodi, akatoa tairi. Kisha akachukua jeki ya pili, akaiweka chini ya mkono wa chuma unaobeba tairi, akaanza kupampu. Springi haikubanwa. Gari zima ndilo lililoinuka na kukiacha kigogo. Lilikosa uzito juu. Akatazama barabarani, akatazama uwanja mtupu, akarudi kwenye jeki, akatazama tena barabarani.

"Unazunguka kama kuku mwenye yai, shemeji," alisema Mokami akifuta vikombe. "Sema tu."

"Nataka mtu wa kukalia gari. Nathan atarudi."

"Nathan ana mgonjwa. Mimi nina kilo themanini na sita, nilipimwa juzi kliniki. Nionyeshe pa kukaa."

Jilala akamwonyesha. Mokami alikaza kitenge, akapanda na kukaa juu ya bodi, pale pale penye springi. Jeki ilipopampiwa safari hii, springi ilikubali, duara zake zikakaribiana. Jilala akapitisha mnyororo, akazungusha, akaukaza kwa boliti. Ncha iliyobaki akaizungushia upande wa pili, akaikaza nayo. Jasho lilimwingia machoni. Mokami alikuwa ameinama, anaifuata mikono yake kutoka juu.

"Kumbe bila mimi lingepanda tu."

"Lingepanda," alijibu Jilala, mawazo yake yote yakiwa kwenye boliti. "Lazima mmoja akalie, mwingine afunge."

Maneno yalikwisha kutoka ndipo alipoyasikia. Hakuinua uso. Alimwomba Mokami ashuke, asimame nyuma ya ukuta, naye akatoa boliti mbili za chini, akatoa nati tatu za juu, akaishusha shokapu na springi yake chini. Ilibaki nati moja ya katikati. Aliinama pembeni, mwili nje ya njia, akaizungusha kidogo kidogo.

Siku ile walikuwa wawili. Heche alikaa juu ya gari, akipiga mluzi, na Jilala alikuwa chini na waya. Mwenye gari alikuwa akipiga honi kutoka hotelini kila dakika, akibonyeza ufunguo wake. Waya uliisha kwenye mzunguko wa tatu. Ilitakiwa sita. Jilala alijiambia mitatu itashika mara moja tu. Heche aliruka chini, akachukua spana na kuuliza, "Tayari?" Jilala alisema, "Tayari."

Nati ikatoka. Mnyororo ulilia mara moja na kushika. Alivuta shokapu kuukuu, akaisukuma kwa kiganja; ilizama na kubaki imezama, haina nguvu ya kurudi. Mpya ilipanda yenyewe. Aliunganisha, akairudisha mahali pake, akapampu jeki. Mokami akaja akakalia tena bila kuitwa, mpaka mnyororo ulipofunguliwa.

Ikabaki ya kulia. Jilala alihamisha jeki na kigogo, akatoa tairi, akachukua mnyororo. Mokami alisimama kando ya gari, kiganja juu ya bodi, lakini hakupanda. Alipatazama pale pa kukalia, kisha akamtazama Jilala aliyepiga magoti.

Kwa miezi kumi na moja Jilala alikuwa ameweka uongo tayari kwa siku atakayoulizwa nani alikalia gari. Angesema mwenye gari ndiye aliyekalia. Lakini ni yeye mwenyewe aliyesema msibani kwamba mwenye gari alikuwa hotelini, na ukoo ulisikia.

"Jilala," alisema Mokami. Hakusema shemeji. "Siku ile nani alifunga waya?"

"Mimi," alisema Jilala. "Heche hakuwa na haraka."